Pua ya Mama

FUNDI: Haloo? Haloo!

DADA: Naam, nani mwenzangu?

FUNDI: Mdogo wako. Simu ni ya mlinzi. Kwema huko?

DADA: Kwema, ila sema upesi. Niko kwenye korido, wenye kahawa wananisubiri ndani. Mkataba uko mezani, mdogo wangu! Magunia elfu arobaini kila mwezi! Tunajenga lile jengo la tatu—

FUNDI: Umeshasaini?

DADA: Bado. Wanataka kwanza waone mzigo wa leo. Lori limetoka?

FUNDI: Limetoka asubuhi. Dada...

DADA: Mbona unahema hivyo?

FUNDI: Katani ya magunia hayo... tumeilainisha na mafuta ya gia.

DADA: Rudia. Simu inakwaruza.

FUNDI: Mafuta ya gia! Badala ya yale ya mbegu. Tangu tuanze kuviuzia viwanda vingine mafuta ya mashine, stoo ni moja, mapipa yanafanana—

DADA: Hakuna pipa linalomiminwa pale kabla Mama hajalinusa! Tangu enzi za kusokota kamba uani, hakuna!

FUNDI: Alinusa.

DADA: Alinusa?

FUNDI: Alichovya kidole, akakipeleka puani, akasema haya, kazi. Nilikuwa ubavuni pake.

DADA: Na wewe pua yako iliazimwa?

FUNDI: Nilisikia harufu, dada.

DADA: Ukanyamaza!

FUNDI: Ningesemaje? Mbele ya wafanyakazi sitini? Mama yule yule aliyenifundisha kazi? Tangu ile homa hasikii harufu kabisa. Juzi sufuria imeungua mpaka moshi umejaa, naye kakaa pale pale anashona.

DADA: Mwezi jana nilimpa kichupa cha marashi. Akanusa, akanishukuru, akasema yananukia kweli kweli. Kizibo kilikuwa hakijatoka.

FUNDI: Kumbe ulijua!

DADA: Nilijua. Nilimwonea huruma, nikacheka naye.

FUNDI: Sasa... labda wasigundue? Jua likiyapiga magunia, harufu inapungu—

DADA: Kahawa inavuta harufu yoyote. Watu watainywa hiyo, wewe!

FUNDI: Basi mpigie dereva.

DADA: Namwona dirishani, anaingia getini. Nashuka kumgeuza.

FUNDI: Na mkataba?

DADA: Nitawaambia ukweli, wakitaka watutimue. Roho inaniuma, jamani, miaka tisa naisubiri siku hii!

FUNDI: Watauliza nani anapima mafuta.

DADA: Nitasema sisi wawili tulijua tukanyamaza. Mama yuko wapi?

FUNDI: Stoo. Anafungua pipa la zamu ya mchana.

DADA: Na wewe umesimama na simu? Mzuie!

FUNDI: Nimzuieje?

DADA: Mwambie.

FUNDI: Mimi? Dada, mwambie wewe, wewe ndiye mkubwa, nampa simu—

DADA: Hapana! Asiambiwe kwenye simu. Mwambie wewe, mtoto wake, umshike mkono. Wameanza kupakua huku! Haya, nakim—

FUNDI: Subiri, salio la mlinzi lina... Haloo? Dada? (anaingia stoo) Mama. Mama, weka ndoo chini kidogo. Hapana, usimimine. Nipe mkono wako, mama yangu.