Faili Jembamba la Mzee Mihayo

Na Nancy Maige, katibu wa Kamati ya Zawadi

Naomba radhi kwanza. Wasifu huu ulitakiwa utoke kwenye jarida la Machi, lakini mtoto alikuwa anaota meno, na kuna fomu moja ilinishinda, nitaifikia. Mzee Mihayo Luhende, karani wa masijala ya ofisi yetu hapa Bariadi, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi.

Alizaliwa Sola, akaanzia kazi Maswa enzi za kupanga mafaili kwenye maboksi ya sabuni, akahamia Bariadi mkoa wetu ulipoanzishwa. Anayepita dirishani kwake husalimiwa "Mwangaluka", salamu ya asubuhi, hata ikiwa saa tisa alasiri, na hujamaliza kuitikia faili lako limeshafika. Kompyuta zilipoletwa tulidhani zitamsumbua. Wiki ya pili alikuwa anatutafutia sisi vijana tulichohifadhi tukasahau ni wapi.

Lakini wengi watamkumbuka kwenye kumchagua Mfanyakazi Hodari wa Mei Mosi. Tuseme ukweli, zamani zawadi ile ilizunguka idara kwa idara kama upatu. Alipokuwa katibu wa kamati akaleta maswali matatu: alifanya nini, lini, na nani aliona? Ukisema mtu ni mchapakazi sana, anakujibu, "Hiyo ni salamu, mama. Sasa niambie kazi."

Mwaka mmoja wakuu wawili walivutana, kila mmoja na mtu wake. Mzee akafungua faili la Shida, mfanya usafi, akasoma taratibu: upepo ulipoezua paa, Shida alihamisha maboksi arobaini ya kumbukumbu kabla mvua haijashuka, walinzi wawili wakishuhudia. Wakuu wakawaondoa watu wao. Shida akapata cheti na mabati, na majirani mpaka leo nyumba yake wanaiita Mei Mosi.

Mwaka huu kamati ilikubaliana jina lake lipendekezwe kwa nishani ya utumishi. Kazi ya fomu nikapewa mimi. Nikajaza: mwadilifu, mnyenyekevu, mchapakazi. Mkoani wakairudisha na mstari mmoja: vielelezo viko wapi? Niliona aibu, maana hilo ni swali lake mwenyewe.

Nikaenda kufungua faili lake. Ndilo jembamba kuliko yote masijala. Barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, likizo, basi. Shukrani hata moja hakuna.

Aliyenifumbua macho ni dada Felisita, muuguzi mstaafu wa Maswa. Mwaka 2009 alikwama kupanda daraja kwa sababu barua yake ya kuthibitishwa haikuonekana. Mzee alishinda stoo Jumamosi mbili mpaka akaipata. Felisita akamwandikia barua ya shukrani, na kesho yake Mzee akamrudishia mkononi: "Asante dada, kaa nayo. Karani hawezi kujipangia sifa kwenye faili lake." Kumbe wote waliomwandikia aliwafanyia hivyohivyo.

Mzee wetu, kwa hili tu tunakukatalia. Watakaoamua juu ya nishani hawakujui na hawajawahi kupita dirishani kwako. Watasoma karatasi tu. Zetu umezitunza miaka yote, na zako zimelala kwenye makabati yetu. Tunakushukuru sana. Nenda Sola ukapumzike na mkeo Mama Joyness na ng'ombe wako, ukaitikiwe Mwangaluka ikiwa asubuhi kweli. Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha.

Na ninyi wenzangu, fomu inaondoka tarehe 20 Juni, akiwa bado kazini; akishastaafu haipokelewi. Barua ya dada Felisita ninayo. Bado nahitaji haya: barua yoyote aliyokurudishia, yenye tarehe na sahihi, hata kama imekunjamana. Kristofa wa ugavi, yako najua unayo, usinizungushe. Kutoka Maswa, nakala ya kitabu cha mahudhurio cha zile Jumamosi mbili za Agosti 2009. Kutoka kwa Shida, maneno yako mwenyewe kuhusu siku ya upepo. Kama kuandika ni taabu, njoo, utasema niandike. Na Mama Joyness, picha mbili za pasipoti za Mzee, kwa sababu yeye nimemwomba mara tatu na kila mara anasema amesahau.