Shaka Moja, Boksi Zima: Mzee Punje Aiweka Mizani Chini

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Punje atafunga mlango wa chumba cha kujazia risasi kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya uwindaji kwa miaka thelathini na moja. Anaondoka mwaka mmoja na miezi minne kabla ya muda wake, na kantini imechemka kwa uvumi. Wako wanaosema amegombana na meneja, wako wanaoapa kwamba ameitwa na kampuni pinzani. Nimemwomba ruhusa niueleze ukweli, naye amekubali kwa sharti moja: nisitie chumvi. Nitajitahidi, ingawa kwa sisi wawindaji viongozi kutia chumvi ni kazi ya pili.

Kwa wenzetu wapya, tunapompeleka mteja porini kufuata nyati, risasi anazobeba yeye, na ninazobeba mimi nyuma yake, hazitoki dukani. Zimejazwa kwa mkono katika chumba kile cha dirisha moja, mkabala na ghala la bunduki. Ganda la shaba husafishwa, likatiwa fataki mpya ya kuwasha baruti, likamiminiwa baruti iliyopimwa, kisha kichwa cha risasi kikakazwa juu yake. Jina la Mzee Punje tulimpa sisi, siku tulipomkuta akiondoa punje moja ya baruti kwenye mizani kwa kibano. Aliitazama, halafu akairudisha chupani kana kwamba nayo ina mama anayeisubiri.

Aliajiriwa kama msafisha bunduki. Miaka minne baadaye alikabidhiwa mizani, na tangu hapo amejaza madaftari kumi na manne, kila bunduki na ukurasa wake. Aliamini kila bunduki ina chakula chake. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, hii hupenda kichwa kizito, na ile ukiilisha hicho hicho hutapika risasi huku na kule. Alijaribu risasi tano tano, kwa subira ya mtu anayembembeleza mkwe, mpaka matundu matano yafunikwe na kizibo kimoja cha soda.

Kabla ya kumchagulia mtu risasi aliuliza mambo matatu: mnyama gani, umbali gani, na bega la nani. Hilo la tatu liliwakera wengi. Mteja mmoja, pandikizi la mtu, aling'ang'ania risasi kubwa kuliko zote kwa ajili ya pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, akidai mnyama mkubwa hauawi kwa risasi ya kitoto. Mzee Punje hakubishana. Alimpeleka uwanja wa shabaha, akampa risasi moja tu. Bunduki ilipolia, kofia ilikwenda upande wake, miwani upande wake, na darubini ya bunduki ikamwachia alama ya mwezi mchanga juu ya jicho. Aliporudi ghalani alikuta boksi la risasi za wastani limeshawekwa mezani, na plasta pembeni. Pofu alianguka kwa risasi moja. Mnyama hafi kwa kelele, Mzee hupenda kutukumbusha, hufa kwa risasi iliyopita mahali pake.

Lakini kilichomjengea jina ni kanuni aliyoiandika kwa chaki mlangoni mwake: shaka moja, boksi zima. Ukiwa na wasiwasi na risasi moja, huiondoi hiyo ukaziacha nyingine. Unafungua boksi lote na kuanza upya. Tulimcheka kwa hilo miaka nenda miaka rudi. Mimi niliacha kucheka miaka tisa iliyopita.

Siku hiyo alikuwa katikati ya kumimina baruti kwenye risasi zangu arobaini, simu ikalia. Binti yake amejifungua salama, mtoto wa kike. Akarudi mezani akiwa babu, akamalizia kazi, nami nikazichukua nikaenda kambini na mteja. Siku mbili baadaye, akinywa chai ya asubuhi nyumbani, alijiuliza: niliporudi kutoka kwenye simu, nilianzia ganda lipi? Hakukumbuka. Aliiacha chai ikipoa.

Kambini kwetu simu haishiki. Alibeba mizani, akaazima gari, akaendesha kwa muda wa saa sita. Alitufikia tukiwa ndio tunatoka, nyayo za nyati zikiwa bado mbichi. Akaomba risasi zote, pamoja na zile za mkanda wangu. Nilimjibu vibaya, na leo nakiri mbele yenu nyote: nilimwambia uzee umemwingia, anatuaibisha mbele ya mgeni. Alikaa kwenye meza ya chakula, akakinga upepo kwa trei, akazipima moja moja. Thelathini na tisa zilikuwa sawa. Moja ilikuwa nyepesi, haikuwa na baruti hata kidogo. Hiyo ilikuwa ya pili katika mkanda wangu.

Risasi ya namna hiyo hulia "tap" tu, kichwa kikakwama ndani ya mtutu. Nyati akiwa hatua ishirini, huna muda wa kuuliza kumetokea nini. Unafyatua nyingine, na mtutu unakupasukia usoni. Wakati huo mke wangu alikuwa na mimba ya kifungua mimba wetu. Nilimwomba Mzee msamaha pale pale. Alisema kosa ni lake, kisha akazifungua zote arobaini.

Sasa ukweli wa kustaafu kwake. Miezi mitatu iliyopita, akirudia kupima boksi lake mwenyewe, aligundua kwamba alikuwa amesoma tatu mahali mizani ilipoonyesha nane. Hakuna mtu mwingine aliyejua, na tofauti ilikuwa ndogo mno kumdhuru yeyote. Daktari alimpa miwani mipya na kumwambia anaweza kuendelea. Meneja alimsihi amalizie muda wake. Mzee alimwonyesha tu maandishi ya chaki mlangoni. Kisha yeye na msaidizi wake wa miaka sita, dada anayerithi mizani hiyo, walizifungua risasi zote alizojaza mwaka huu.

Katika miaka yake yote ya mizani, hakuna mwindaji, mfuata nyayo wala mteja wetu aliyeumizwa na risasi iliyotoka mikononi mwake. Najivunia kumwita mwenzangu.

Mjukuu wa siku ile ya simu ana miaka tisa sasa, na ameahidiwa kusindikizwa shule na babu yake kila asubuhi. Mke wa Mzee naye ametuomba mizani ibaki huku huku, maana amechoka kupimiwa sukari.

Mzee wetu, asante. Tunakuombea siku njema, afya na chai isiyopoa. Ulikuwa mwepesi wa kuitilia shaka kazi yako ili sisi turudi nyumbani, nami nilirudi, nikamwona mwanangu akizaliwa. Kwako wewe, Mzee Punje, hatuna hata shaka moja.