Hester Addlesike, Aliyekataa Kusafishiwa Jina

Ndugu na marafiki mliofika kumsindikiza, Hester Addlesike alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika kijiji cha Harkerdale, Yorkshire, mtoto wa kwanza wa mfuga kondoo Amos Addlesike na mkewe Phoebe, akasoma shule ya kijijini hadi mwaka 1956, na kila mwalimu alipoita jina lake wenzake waliziba pua, kwa kuwa kwa Kiingereza jina hilo linasikika kama yai viza, naye akarudi nyumbani analia.

Mwaka 1958 aliajiriwa maktaba ya mji wa jirani, na huko, akipekua vitabu vya ubatizo na vya sensa, aligundua kwamba jina hilo maana yake ni kijito cha maji ya samadi, kwamba wa kwanza kuitwa hivyo aliishi mteremkoni, chini ya mazizi ya watawa, na kwamba mwaka 1851 waliolibeba walikuwa sitini na mmoja tu, wote wa parokia tatu zinazopakana, isipokuwa mabaharia wawili mjini Hull. Akaacha kulia: jina lilikuwa na watu wake na mahali pake. Tarehe 4 Juni 1966 alifunga ndoa na fundi saa Clifford Thewlis, akabaki na jina lake, wakajaliwa binti mmoja, Rowena.

Mwaka 1994 mdogo wake, Roland, aliuziwa na mchuuzi wa nasaba hati yenye ngao na simba, iliyodai kwamba ukoo wao ni wa makabaila walioitwa Addesley, akaanza kujiita hivyo, kisha kimyakimya akaleta mchonga mawe abadilishe jina kwenye kaburi la baba yao. Hester alipoliona jiwe lile, kinyaa kilimpanda hadi akatapika palepale kwenye nyasi, mbele ya Roland.

"Dada, si nimemsafisha mzee tu?"

"Umemsafisha? Umemkana baba yako wakati hawezi kukujibu! Toka hapa, unanuka kuliko zizi!"

Alipambana na baraza la kanisa miaka mitatu hadi jina likarudishwa, na hakuketi tena meza moja na Roland.

Februari 2019 mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa, na Roland alipomletea maua yenye kadi ya Addesley, alikunja uso, akasema, "Maua acha. Hiyo kadi ondoka nayo." Alifariki tarehe 9 Novemba 2019, akiwa na miaka 78, ameacha mume, binti na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomletea supu, na wenzake wa maktaba. Roland yupo, kiti cha nyuma, na leo asubuhi ametia sahihi kitabu cha waombolezaji kwa jina la Addlesike. Tumeliona, ila mkono bado hatujaweza kumpa.

Lala salama, Hester.