Njia za Kichwani

Mwaka ule sukari iliporudi madukani, benchi la kahawa la Nyasho, pale Musoma, lilijaa tena. Masatu, mstaafu wa kiwanda cha pamba cha Bunda, alikaa kati ya Burito, waliyemwita Redio, na Stanislausi, waliyemwita Dokta kwa sababu aliwahi kulinda geti la hospitali. Wiki hiyo Masatu alikuwa amepotea njia ya kurudi kwake mwenyewe. Hakumwambia mtu. Swali akalianzia mbali.

— Dada yangu Wankyo, yule wa Kibara, ananizidi miaka kumi. Mpaka leo anakumbukaga majina ya wajukuu wa majirani. Kwa nini wengine tunasahau mapema?

— Nilisikia redioni, — Redio akadakia. — Ubongo una njia zinaungana kama barabara. Ukiwa nazo nyingi, moja ikikatika, habari inazungukia kwingine. Ukiwa na moja, gari limekwama.

— Zinachongwa na nini?

— Kusoma, kufikiri, kuongea na watu. Wankyo si anauza samaki? Anabishana kutwa nzima!

Dokta akatikisa kichwa.

— Acha uongo. Ni furu, vile visamaki vya ziwani. Watu wa Kibara wanakulaga furu na vichwa vyake.

— Basi paka wa mwaloni, wanaoshinda kwenye mitumbwi ya samaki, wangekuwa walimu wakuu!

— Sisi tuliharibiwa na ule unga wa njano wa wakati wa shida. Uliziba mirija yote ya kichwa.

— Mbona wote tuliula?

— Wewe ulikuwa unachekecha!

Benchi zima likacheka. Masatu naye akacheka, moyo ukamtulia kidogo. Kubishana huku nako si ndiko kuchonga njia? Akaongezewa kahawa, akaanza kuwaeleza jinsi mashine za pamba zilivyomtikisa ubongo mpaka nati zikalegea.

Ndipo akatokea Pelagia, binti yake, akihema.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba, asubuhi uliondoka na mama kumpeleka kliniki ya macho. Yuko wapi?

Redio akamtazama Dokta. Dokta akatazama chini. Masatu akatua kikombe polepole. Kichwani aliiona khanga ya mkewe, Petronila, akausikia mkono wake umemshika kiwiko, yeye akimwongoza. Hakujua kama ilikuwa leo au siku nyingine; baada ya hapo hapakuwa na kitu.

— Tulitoka pamoja? — akamuuliza bintiye.