Stefano Semboja, Mpima Maji wa Handeni na Korogwe (1968–2025)

Mpendwa wetu Stefano Paulo Semboja alizaliwa Magoma, wilayani Korogwe, tarehe 14 Machi 1968, katika masika ambayo mto ulivunja kingo na maji yakafika mlangoni. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Paulo Semboja na mama Eliwaza, ambao wote wametangulia mbele za haki.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Magoma, akamaliza sekondari mjini Korogwe mwaka 1987, kisha akajifunza kazi ya maabara Dar es Salaam. Wenzake walisimulia kwamba aliinamia darubini hadi wao wakamlia chakula chake.

Kuanzia mwaka 1992 alipima maji ya visima na malambo, kwanza Handeni, baadaye Korogwe. Pale Kang'ata dizeli ya pampu ilimwagika kando ya lambo, na msimu uliofuata marehemu alikuta mafuta yamepungua. Bakteria wa kwenye tope walikuwa wameyageuza chakula.

"Wanakula dizeli na hawafi?" aliuliza Bibi Mwaija, mwenye shamba la jirani.

"Bibi, hawa wakikosa ugali hula sufuria."

"Basi watanila na mimi!"

"Subiri, bibi. Hawana haraka."

Watu walicheka. Marehemu aliendelea kujaza chupa zake. Alizoea kusema kwamba hewa ikiisha, wapo bakteria wanaopumua kwa kutu iliyo udongoni. Chakula kikiisha, wapo wanaolala na kungoja.

Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa na Paulina, wakajenga Kilole. Barazani kwao lilikaa dumu la dawa ya kusafishia vidonda, iliyochanganywa na maji ya kisima. Majirani walileta watoto wao waliojikata. Dawa ilipopungua, Paulina aliuliza, "Baba Ernesti, niongeze maji?"

"Ongeza, mama. Bado inanuka."

Dumu hilo halikuwahi kumwagwa likasuguliwa. Nalo lilinuka dawa miaka yote.

Tarehe 9 Novemba 2024, akiwa shambani Magoma, jembe lilimkata muundi wa mguu. Aliosha kidonda asubuhi na jioni kwa dawa ya dumu lile. Badala ya kukauka, kidonda kilizidi kuloa, kikageuka kijani, na homa ikapanda. Alilazwa. Dawa ya kwanza ya hospitali ilishindwa. Ya pili ilimpa nafuu ya siku chache, nayo ikashindwa. Wenzake wa maabara walipopima dumu walikuta mle ndani bakteria wa topeni, wazima, wanazaliana. Ndio hao waliokuwa kwenye damu yake.

Akaambiwa. "Wamejifunza kuila dawa," alisema.

Alifariki dunia tarehe 3 Januari 2025, saa nane mchana.

Tangu siku hiyo yamesemwa maneno msibani: kwamba mkono ulioongeza maji ndio uliomuua, na kwamba mjane akae nyuma, asiweke udongo kaburini. Marehemu alijua yatasemwa. Alimwita dada yake Hosiana, watoto wakiwa wamesimama kando ya kitanda chake, akamwagiza:

"Dada, kwenye wasifu wangu useme wazi. Paulina aliniuliza kila mara. Mwenye kujua nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyesema ongeza. Atakayemtenga mke wangu asije kunizika."

Imesemwa.

Marehemu ameacha mjane, Paulina. Watoto wawili, Ernesti na Loveness. Dada yake, Hosiana. Na mjukuu, Eliwaza mdogo, ambaye goti lake lilioshwa kwa dumu hilo mwezi Desemba na leo hayupo nasi kwa sababu yuko wodini. Majirani wa Kilole ambao watoto wenu waliooshwa barazani wana vidonda au homa, msingoje matanga yaishe. Wapelekeni wakapimwe.

Paulina ndiye atakayetangulia kuweka udongo. Mwenye mchubuko mkononi asiushike, atumie koleo.

Stefano apumzike kwa amani, katika udongo ambao wenyewe haupumziki.