Nati na Punje ya Karanga

Kijiwe chetu cha kahawa hapa Ipuli kina sheria moja: ubishi haumalizwi kwa simu. Ukichomoa simu kutafuta jibu, unatununulia wote kahawa. Ndiyo maana kuna ubishi tunao tangu masika, na tunaupenda. Jana jioni alikuja Mwalimu Eustadia, anayefundisha fizikia kidato cha kwanza, uso umemshuka. Tulikuwa mimi, Shomari fundi baiskeli aliyejipa mwenyewe jina la Injinia, na mzee Ngassa, tunayemwita Bukene kwa kuwa kila hadithi yake inaanzia huko.

— Shikamoo, mzee Bukene.

— Marahaba, mwalimu. Nani kakuudhi?

— Mtandao. Masomo ya fizikia yamejaa huko, kila mtu anasifu lake. Mimi nilitaka lililofanyiwa utafiti, likajaribiwa kwa wanafunzi likaonekana linafundisha kweli. Nimepata moja. Linasema usiwape jibu. Uliza, waache wabishane, ndipo waone wenyewe.

— Sasa shida nini?

— Wangu hawabishani, wananakili tu. Kesho mkuu wa shule anakuja kuniangalia. Wakininyamazia, atanirudisha kwenye kujaza ubao mpaka kengele.

— Tujaribie sisi, alisema Injinia.

Mwalimu akachukua nati ya baiskeli kwa Injinia na punje ya karanga kwa muuza kahawa.

— Nikiviachia pamoja, kipi kitatangulia chini?

— Nati, alisema Injinia. Ina uzito. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapa? niliuliza.

— Uzito unajazana, wewe.

— Karanga, alisema Bukene. Haina mzigo. Wapagazi wa zamani wakitoka hapa kwenda pwani, mwenye pembe nzito ya ndovu alifika wa mwisho.

— Wale walikuwa wanatembea, mzee, si kuanguka, alisema Injinia.

— Ulikuwepo?

Injinia akapandisha sauti.

— Nati ni chuma, na chini ya ardhi kuna chuma. Vinaitana. Damu nzito kuliko maji.

— Na karanga imetoka wapi kama si ardhini? Inakimbilia nyumbani. Mkataa kwao mtumwa.

Muuza kahawa mwenyewe alisahau birika. Mwalimu akapanda juu ya benchi, akaviachia. Vikatua pamoja.

— Rudia, alisema Injinia.

Akarudia. Pamoja tena. Bukene akavua kofia, mwalimu akashuka, akacheka mpaka akashika benchi, na mimi nilifurahi kumwona hivyo.

Ndipo akapita Zuena, muuza vitumbua, akauliza tunainamia nini. Tukamweleza.

— Haya, vimefika pamoja. Lakini kwa nini vimeshuka? Mbona havikubaki huko huko juu?

Injinia alimtazama Bukene. Bukene alitazama karanga. Mwalimu alipofungua mdomo, mzee akamwinulia mkono asitupe jibu.

— Mwalimu, kesho kipindi chako saa ngapi? Nakuja.