Jumamosi za Bi Kuluthumu Katika Ukumbi wa Mwangaza

Tarehe 31 Desemba 1970, Ndugu Kuluthumu binti Mabruki, mhudumu wa Ukumbi wa Mwangaza hapa Tabora, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili. Katika muda huo amefagia, amepanga viti, amechemsha chai ya vikao vyote na kutunza funguo. Kazi yake nyingine, ya kuujaza ukumbi watu kila Jumamosi, haikutajwa alipoajiriwa, na huenda ndiyo sababu ofisi yetu haijawahi kumshukuru. Inamshukuru leo.

Ndugu Kuluthumu ni mzaliwa wa Gongoni, hapa mjini. Mwaka wa Uhuru aliomba apewe ukumbi Jumamosi alasiri kwa ajili ya mafunzo ya akina mama. Ofisi ilikubali bila kuuliza mafunzo gani. Siku ya kwanza vililetwa vinu viwili na debe tupu. Wanawake wa Gongoni wakakaa upande mmoja. Wenzao wa Kwihara, waliokuja mjini kuuza karanga na mihogo, wakakaa upande wa pili. Hivyo ndivyo majibizano yalivyoingia ukumbini: mchi na debe vinapiga, maneno ya vina yanasemwa mbiombio bila kuimbwa, huyu anachokoza na yule anajibu papo hapo.

Mpinzani wake mkuu, ambaye pia ni shoga yake, ni Bi Apolinaria, mkulima wa Kwihara na, siku za Jumapili, mwanakwaya mtulivu kabisa. Wengi wanakumbuka siku alipomchokoza hivi:

"Mama wa mji, mkono laini, hata mchi wauogopa;
Njaa ikibisha mlangoni, Kwihara waja kukopa!"

Ndugu Kuluthumu hakungoja debe lirudie:

"Nitakuja, dada yangu, ila ufunge mbwa wako;
Kanga yangu ameinusa, anaikimbia yako!"

Debe lilipasuka siku hiyo. Ofisi ilitoa jingine, likaandikwa kuwa kifaa cha elimu ya watu wazima.

Baada ya Azimio la Arusha, Afisa Utamaduni wetu, Ndugu Hilari, ambaye bidii yake haina shaka, aliona kuwa majibizano yafaa kuelekezwa. Alipotarajiwa mgeni wa heshima kutoka Dar es Salaam, aliwatungia akina mama beti nzuri sana kuhusu kilimo cha pamoja. Kwa moyo wa usawa, alizipa pande zote mbili beti zilezile. Gongoni wakazisema, mgeni akapiga makofi. Kwihara wakajibu kwa maneno hayohayo, mgeni akaanza kutazama kando. Hapo Ndugu Kuluthumu aliweka chini sinia la chai.

"Shoga, kiporo hiki ni cha kwenu au cha kwetu?"

"Cha Bwana Afisa," alijibu Apolinaria. "Sisi tumepakuliwa tu."

Kuanzia hapo hakuna aliyezisoma beti. Mgeni alicheka mpaka akaomba maji. Ndugu Hilari alipokea barua ya pongezi kwa ubunifu wake.

Mwezi wa Oktoba, Kamati ya Ukumbi iliamua kwamba, kwa kuwa Ndugu Kuluthumu anastaafu, Jumamosi zipewe bendi ya vijana. Akina mama hawana ukumbi mwingine, na Kamati ililizingatia hilo kwa huruma: wangeweza kubaki, iwapo wangewasilisha majibizano yao wiki mbili kabla ili yapitishwe. Ndugu Kuluthumu alikuwa akimimina chai.

"Wanangu," alisema, "nitajuaje leo Apolinaria atanitukana nini wiki mbili zijazo?"

Swali hilo liliahirishwa.

Jumamosi iliyofuata, Mwenyekiti wa Kamati, Ndugu Shilinde, alikwenda mwenyewe kuwaaga. "Akina mama," alisema kwa upole, "mmefanya kazi nzuri. Sasa tuwaachie vijana." Mchi haukusimama. Bi Apolinaria aliinuka:

"Mwenyekiti umekaa, kiti nani kakiweka?
Tukitoka sisi sote, utahutubia paka?"

Desturi ya majibizano haina mjadala: aliyetajwa hujibu, na mlango haufungwi mtu akidaiwa jibu. Ukumbi mzima ulimgeukia. Ndugu Shilinde, msomi ambaye hotuba zake hazijawahi kukatika, aliomba muda.

"Nipeni mpaka Jumamosi ijayo," alisema.

"Haya, baba, usijali," alisema Ndugu Kuluthumu. "Basi Jumamosi ijayo tuko hapahapa tunakungoja."

Jumamosi hiyo Ndugu Shilinde alikuwa na kikao. Iliyofuata alikuwa na safari ya Igalula. Kwa kuwa Kamati haiwezi kumfungia mlango Mwenyekiti wake akiwa bado anadaiwa, imeamua kwamba Jumamosi zibaki za akina mama mpaka jibu litakapokuwa tayari. Bendi itafanya mazoezi Jumanne. Ndugu Shilinde anaendelea kuliandaa jibu lake, na ofisi haimharakishi.

Bi Kuluthumu, ahsante kwa yote, pamoja na yale ambayo hatukujua kuwa ni kazi. Tunakutakia uzee wa raha, afya njema na wapinzani hodari.